Sifa za Mkasi wa Nyanya

Nyanya yangu wa Ruiru alikuwa na mkasi mmoja wa kushonea, na kwa mkasi huo alikata gazeti mara moja tu maishani mwake. Alikata sehemu yenye jina la mumewe, akaitia ndani ya Biblia, na gazeti lililobaki akawashia moto wa jioni. Jina la gazeti, tarehe, nambari ya toleo na ukurasa, vyote viliungua chini ya sufuria ya githeri. Kikabaki kipande cha karatasi kisicho na mwanzo wala mwisho.

Anayetafuta habari za jamaa zake katika magazeti ya kale analijua balaa hili. Kipande bila tarehe ni kama mtoto aliyeokotwa stendi ya matatu: ana sura ya watu fulani, ana nguo alizovishwa na mtu fulani, ila hawezi kukwambia ametoka wapi. Nilihangaika na kipande hicho miezi saba, kati ya Ruiru, Thika na Nairobi. Leo nimekaa kuandika sifa za mkasi ule, na kila sifa nitakayoitaja ninaimaanisha.

Kipande chenyewe kina upana wa vidole vitatu na urefu wa kiganja. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyopoa. Kimekunjwa mara mbili, na mkunjo mmoja umepita juu ya neno "mshahara" hadi herufi za katikati zimelika. Upande wa kulia mkasi umekwenda sawa. Upande wa chini umeyumba, halafu ukapinda ghafla ili usikate S.L.P. ya Ruiru iliyoandikwa chini ya jina. Unauona kabisa mkono wa mtu asiyejua kusoma, aliyeonyeshwa kwa kidole kwamba jina la mumewe liko hapa na asiliguse.

Ni barua kwa mhariri, mistari 18. Babu alikuwa mchumaji katika shamba moja la kahawa, na wachumaji walilipwa kwa debe, kama wengi wanavyolipwa mpaka leo. Barua inauliza kwa nini debe la mchumaji halihesabiwi mpaka liwe na kilima juu ya ukingo, ilhali debe la mafuta ya taa dukani huhesabiwa likiwa sawa. Inaomba kilima hicho kilipiwe au kiondolewe. Basi. Hakuna matusi, hakuna kulia. Ni hesabu ya mtu aliyekibeba kilima hicho mgongoni.

Kwa mistari hiyo 18 ukoo wetu wote ulijua kwamba babu alikuwa mwandishi. Mimi nimepewa jina lake, kwa kuwa Mkikuyu humwita mwanawe wa kwanza kwa jina la babake, na nilipoanza kuandika magazetini watu wa nyumbani walisema nimerithi jina na mkono. Ndiyo maana nilitaka kuliona gazeti lenyewe. Nilitaka ukurasa mzima, wenye tarehe juu, niutie katika fremu.

Sifa ya kwanza ya mkasi ni kwamba ulinirudisha kwa nyanya. Kama tarehe ingekuwepo ningepanda matatu ya Nairobi asubuhi, nikarudi jioni na nakala, na mazungumzo yetu yangekuwa ya kumwonyesha picha. Tarehe haikuwepo, kwa hiyo ilinibidi niketi jikoni kwake na kuuliza. Yeye huniita mume wangu, kama nyanya wengi wa kwetu wanavyomwita mjukuu aliyebeba jina la mzee.

"Cucu, gazeti hili lilikuwa la mwaka gani?"

"La mwaka ule shangazi yako mkubwa alipoanza kutambaa."

"Na shangazi alizaliwa lini?"

"Alizaliwa kahawa ikichumwa."

"Uhuru ulikuwa umekuja?"

Alifikiri. "Bendera mpya ilikuwa imepanda. Nilimbeba shangazi yako mgongoni tukaenda kuiona kwa chifu. Kwa hiyo barua ni baadaye, mume wangu, kwa sababu siku ya bendera alikuwa hajui hata kuketi."

Nilimuuliza kwa nini hakuacha tarehe. Hakuliona kosa hata kidogo. "Tarehe ilikuwa ya gazeti. Jina lilikuwa la mzee wangu."

Watu wa umri wake hawakuhitaji kalenda ya ukutani kupanga maisha yao. Walikuwa na njaa, mvua, tohara, ndoa na vita, na kila tukio lilishikilia jingine. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Nyanya anaikumbuka kwa siku waliyoamriwa kubomoa nyumba na kuhamia kijijini. Mafuriko makubwa ya 1961 anayakumbuka kwa mbuzi waliokufa maji. Nilienda kwake kutafuta mwaka mmoja nikatoka na kumi na miwili iliyounganishwa kama shanga. Watoto wawili waliotajwa katika mazungumzo hayo, waliokufa wakiwa wachanga, hakuna aliyewahi kuniambia habari zao. Sasa najua majina yao na mahali walipozikwa. Kibao cha tarehe juu ya ukurasa kisingenipa hilo.

Sifa ya pili ni kwamba mkasi ulinilazimisha kugeuza karatasi. Kwa miaka mingi tulisoma upande wa babu tu. Upande wa nyuma tuliuona kuwa takataka, nusu ya habari na robo ya tangazo la biashara, vyote vimekatwa katikati ya maneno. Nilipoishiwa na maswali nilikigeuza kipande, nikakiweka juu ya dirisha lenye jua na kukisoma kwa lenzi.

Kwenye mstari wa nne palikuwa na maneno "Waziri Mkuu, Bw. Kenyat", halafu ukingo. Hapo nilisimama. Jomo Kenyatta alikuwa waziri mkuu kwa muda mfupi sana: tangu tarehe 1 Juni 1963, siku ya Madaraka, hadi tarehe 12 Desemba 1964, nchi ilipokuwa jamhuri naye akawa rais. Kabla na baada ya miezi hiyo 18 hakuna mhariri ambaye angemwita hivyo. Nusu ya jina, iliyookolewa kwa bahati na mkono uliokuwa ukiangalia upande wa pili, ilikuwa imefunga mlango wa mbele na wa nyuma.

Mstari wa tisa ulikuwa na neno "Tanganyika". Muungano na Zanzibar ulikuja tarehe 26 Aprili 1964, lakini nchi iliendelea kuitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar hadi jina Tanzania lilipotangazwa tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo neno hilo lilikata mwisho wa kipindi changu, ingawa niliacha nafasi kidogo, maana jina la nchi halitoki midomoni mwa watu siku moja na sheria. Tangazo la biashara lilikuwa na anwani ya Government Road, Nairobi, barabara ambayo leo tunaiita Moi Avenue. Bei ilikuwa kwa shilingi, na hiyo haikunisaidia: shilingi ya Afrika Mashariki iliendelea kutumika mpaka Kenya ilipotoa sarafu yake 1966.

Ukiwa na kipande kama hiki nyumbani, kigeuze kabla ya kufanya jambo lolote. Angalia vyeo vya watu, kwa kuwa kiongozi hupanda na kushuka kwa siku inayojulikana. Angalia majina ya miji: aliyeandika Fort Hall aliandika kabla Murang'a haijarudishiwa jina lake, na Thomson's Falls ni Nyahururu ya leo. Angalia michezo. Habari za kombe la kandanda la Gossage haziwezi kuwa za miaka ya 1970, kwa sababu mashindano hayo yaliyoanza 1926 yalikwisha katikati ya miaka ya 1960. Ligi ya taifa ya kandanda ya Kenya ilianza 1963 na Nakuru All Stars ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza, basi jedwali la ligi hiyo haliwezi kuwa la zamani kuliko hapo. Upande usiokuhusu ndio mara nyingi unaojua tarehe.

Likabaki jina la gazeti. Nyanya alisema ni Baraza, na maneno yake yalikubaliana na ninayoyajua. Kampuni ya East African Standard, iliyotokana na gazeti ambalo A. M. Jeevanjee alilianzisha Mombasa mwaka 1902, ilianza kutoa Baraza kwa Kiswahili mwaka 1939, mhariri wake wa kwanza akiwa Francis Khamisi. Gazeti hilo la kila wiki liliishi mpaka 1979. Mpinzani wake alikuwa mdogo: Taifa, lililoanzishwa na Charles Hayes mwaka 1958, likanunuliwa na Aga Khan mwaka uliofuata na kuzaa Taifa Leo ya kila siku 1960. Katika kambi za kahawa Baraza lilizunguka mkono kwa mkono hadi likalegea, na mwishowe likabandikwa ukutani kuzuia upepo usipite kwenye mianya ya mbao.

Piga hesabu nami. Miaka 40 ya gazeti la kila wiki ni zaidi ya matoleo 2,000. Nusu ya jina la Kenyatta na neno Tanganyika viliyapunguza hadi 74 hivi. Bendera ya nyanya, iliyopanda tarehe 12 Desemba 1963, iliyashusha hadi 46. Matoleo 46 ni kazi ambayo binadamu mwenye macho na subira anaiweza.

Sifa ya tatu ni kwamba nilisoma. Kisicho na tarehe hakikuruhusu kuruka.

Nilianza Nairobi, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, jengo lililokuwa benki zamani, ambalo wakazi wa Nairobi huliita Archives na kupeana miadi mbele yake. Liko Moi Avenue, barabara ileile iliyokuwa nyuma ya barua ya babu. Nilienda pia Maktaba ya McMillan, ambayo imehifadhi magazeti ya tangu mwanzo wa karne ya 20, na ambayo shirika la Book Bunk lilichukua jukumu la kuifufua pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Mtu wa Ruiru na Thika hawezi kupita kati ya wale simba wa mawe wa mlangoni bila kukumbuka nyumbani. Northrup McMillan, ambaye maktaba imejengwa kwa kumbukumbu yake, alikuwa mwenye shamba la Juja, katikati ya miji yetu miwili. Theodore Roosevelt alikuwa mgeni wake huko mwaka 1909. McMillan alizikwa Ol Donyo Sabuk, mlima unaouona ukisimama Thika siku isiyo na ukungu. Mjane wake, Lucie, alijenga maktaba ikafunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma hadi ukoloni ulipokaribia kwisha. Babu aliandika miaka michache baada ya hapo.

Kwa walio mbali, njia nazo zipo. Maktaba ya Uingereza ilifunga nyumba yake ya magazeti ya Colindale, London, mwaka 2013, na magazeti yake sasa yako Boston Spa, Yorkshire. Center for Research Libraries ya Chicago, kupitia mradi wa CAMP ulioanzishwa 1963, imekuwa ikikusanya mikrofilamu za magazeti ya Afrika. Mkenya aliyeko Boston au Birmingham anaweza kuwa karibu na gazeti la babake kuliko sisi tulio Kiambu.

Chumba kimoja cha kusomea, ambacho sina haja ya kukitaja, hakikuwa na jalada la miezi mitatu niliyoihitaji. Rafuni palikuwa na nafasi yake tu, upana wa ngumi mbili, na vumbi lililokaa bila kuguswa. Ilibidi nisubiri, niandike maombi, nirudi, mpaka nikaipata miezi hiyo mahali pengine kwenye filamu.

Kusoma filamu ni kazi ya mkono. Unatia gurudumu upande mmoja, unapitisha ncha chini ya kioo, unawasha taa, na kurasa zinaanza kupita mbele yako kama mabehewa ya garimoshi. Ukizungusha kwa kasi, wiki nzima inakupita. Ukizungusha polepole, shingo inauma. Mwanga unapenya makovu yote ya karatasi: mstari wa wino uliovuja, tundu la pini, kona iliyokunjwa na msomaji asiyejulikana. Baada ya saa mbili macho yanaanza kuona jina unalolitafuta mahali lisipokuwepo. Na miongoni mwa Wakikuyu jina la babu limebebwa na maelfu. Nililiona kwa mwalimu, kwa mshtakiwa, kwa mfungaji wa bao. Kila mara moyo uliruka, kwa kuwa lilikuwa jina langu pia.

Nilijiongoza kwa kahawa, maana nyanya alisema mzee aliandika wakati wa kuchuma. Ruiru na Thika mavuno makubwa huanza Oktoba kwenda Desemba, na mavuno madogo huja kati ya Aprili na Julai. Nilianza na Desemba 1963. Barua sikuiona, ila niliziona sherehe za Uhuru wiki baada ya wiki, na wapiganaji wa msituni wakijitokeza Ruring'u, Nyeri. Sikuweza kuacha hapo, nikaingia Januari: mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12, uasi wa askari Lanet tarehe 24. Kisha nikafuata mavuno hadi Oktoba 1964. Barua sikuiona, lakini nilikutana na Wilson Kiprugut akipata shaba ya mita 800 huko Tokyo, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Habari hizi zote nilizijua shuleni, kila moja katika sura yake. Sikuwa nimewahi kuziona zikitokea katikati ya bei ya mahindi, mashairi ya wasomaji, baiskeli zilizopotea na barua za watu wanaodai barabara. Babu aliishi katika gazeti zima, na mimi nilikuwa nimepewa vidole vitatu vyake.

Hapa naomba nilinganishe. Kuhusu babu nilipata pia karatasi nyingine yenye tarehe kamili. Gazeti rasmi la serikali, Kenya Gazette, limekuwa likichapishwa tangu 1899, na sehemu kubwa yake inasomeka kwa kompyuta. Huko ndiko zinakotangazwa kesi za mirathi, hati za ardhi zilizopotea, na watu waliobadilisha majina. Niliandika jina lake na neno Ruiru, na dakika kumi baadaye nikapata tangazo la mirathi yake: jina, mahali alipokuwa akiishi, siku aliyofariki, mahakama, waombaji. Kila kitu sahihi. Nilishukuru, nikalinakili katika daftari, nikafunga. Sikumuuliza mtu chochote. Tangazo hilo halikunitaka chochote zaidi ya dakika hizo kumi, nami sikulipa zaidi. Kila mwenye ukoo aanze na Gazette, maana ni hazina. Lakini mti wangu wa ukoo hauna tawi hata moja lililoota kutokana na siku hiyo.

Sifa ya nne ndiyo kubwa, nayo ilikuja Juni 1964.

Niliijua barua kabla ya kuisoma. Nililijua umbo lake, mistari 18 yenye pengo mwishoni, jina, S.L.P. Ilikuwa safu ya kushoto, chini ya katikati. Niliweka kipande cha nyanya juu ya kioo kando ya picha ile ya mwanga, na vikalingana neno kwa neno. Mkasi niliweza kuufuata kwa macho: hapa ulikwenda sawa, hapa uliyumba, hapa ulipinda.

Na pale ulipopinda, upana wa ukucha chini yake, palianza barua nyingine. Ilitoka S.L.P. hiyohiyo ya Ruiru. Mwandishi wake alikuwa mtu mwingine, jina ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani. Aliomba masomo ya gumbaru yaletwe katika kambi za wachumaji, kwa sababu, alisema, katika kambi yao wenye kuandika ni wawili, na mikono yao imechoka kuandikia wengine. Akaongeza kwamba mtu asiyejua kusoma hata hesabu ya madebe yake hawezi kuikagua, akabaki kubeba "kilima cha bure".

Kilima. Nilirudi juu kwenye barua ya babu. Kilima kilikuwa pale, na namna ya kuanza ilikuwa moja, na salamu kwa mhariri ilikuwa moja hadi kwenye mkato.

Nilirudi Ruiru na nakala ya ukurasa mzima. Nyanya alikuwa akichambua maharage. Nilimsomea barua ya pili na jina lililo chini yake, naye akaacha maharage.

"Huyo ndiye aliyekuwa akimwandikia mzee," alisema. "Jioni, kwa taa ya koroboi. Mzee anasema, yeye anaandika. Guka wako hakujua kuandika. Alijua kusema."

Nilinyamaza kwa muda. Nyumba nzima ilikuwa imejengwa juu ya maneno kwamba mzee alikuwa mwandishi, na mimi nilikuwa dari yake. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kutuambia. Alishangaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza nani alishika kalamu. Tulimuuliza tu nani alikuwa na jina gazetini. Na maneno yalikuwa ya mzee, hilo hakuwa na shaka nalo. Debe la mafuta ya taa lilikuwa lake. Alilisema mezani miaka yote.

Fikiri ingekuwaje kama nyanya angeacha tarehe. Ningeagiza nakala ya barua ile, ningeikata vizuri kwa kisu na rula, na kuitia katika fremu na maneno "Babu yetu, mwandishi". Barua ya chini ningeikata tena, mara ya pili, na safari hiyo na mtu anayejua kusoma. Uongo wetu ungepata tarehe na kioo. Mkasi wa nyanya haukumficha yule rafiki. Uliniacha na njaa, nayo njaa ikanipeleka hadi kwenye ukurasa wake.

Rafiki huyo aliondoka shambani katikati ya miaka ya 1960 kufanya kazi kiwandani Thika, na nyanya alijua kanisa walilosali. Kwa kuuliza mzee huyu na mama yule, kutoka Ruiru hadi Juja na kutoka Juja hadi Thika, nilifika Makongeni, kwenye nyumba ya binti yake. Shamba la kahawa walikochuma baba zetu limekwisha kukatwa viwanja na kupandwa nyumba za ghorofa, kama mashamba mengi ya Ruiru. Hakuna kambi wala mti wa kahawa wa kumwonyesha mtu. Nilikuwa na ukurasa mmoja tu katika bahasha.

Mama huyo alinikaribisha, akaleta chai. Hawakuwa na kipande chochote. Alijua babake alipenda kusoma. Hakujua aliwahi kuandika gazetini. Alisoma barua mara mbili, ya pili kwa sauti, na alipofika kwenye mikono iliyochoka kuandikia wengine aliweka kidole juu ya mstari na kukiacha hapo. Kisha alisoma ya babu, iliyo juu yake. "Hii nayo ni sauti ya baba," alisema. Nikamwambia ni ya wote wawili. Alicheka, akasema basi sisi ni ndugu wa debe moja.

Alinyanyuka akaenda chumbani, akarudi na Biblia na mkasi. Alikata barua ya babake, taratibu, akizunguka jina na S.L.P. Kichwa cha ukurasa, chenye jina la gazeti na siku na mwezi na mwaka, kilianguka juu ya kitambaa cha meza pamoja na mabaki mengine, naye akayakusanya kwa kiganja na kuyapeleka jikoni.

Sikumzuia. Tarehe ninayo mimi, katika daftari, Ruiru. Siku mjukuu wake atakapoitaka, itabidi atutafute.